Mtoto wa miaka 4 anang'ata wenzake, ukimwita haitiki, shule wamemkataa. Naombeni msaada wenye uzoefu

mamaP_Mbagala
Wakuu habari zenu. Naomba nieleze kirefu maana najua mtauliza tu.

Nina mtoto wa kiume, katimiza miaka minne juzi juzi hapa. Akiamua ana upendo kweli, ila tabia zake zimenishinda. Anang'ata. Sio kung'ata kwa mchezo, anang'ata mpaka alama za meno zinabaki kwenye mkono wa mtu. Akinyang'anywa kitu anajitupa chini popote pale, iwe sebuleni iwe stendi ya Rangi Tatu watu wote wanatuangalia, na anagonga kichwa sakafuni. Ukimwita haitiki, unaita weee mpaka umfuate umshike bega ndo anageuka anakushangaa. Kinachomtuliza ni simu tu, ukimwekea katuni anakaa, ukiichukua vita inaanza upya.

Dada wa kazi kaondoka, kasema hawezi kung'atwa kila siku kwa mshahara ule. Nasari aliyokuwa anasoma (siitaji jina) wameniita wakaniambia nimtafutie sehemu nyingine, wazazi wa wenzake wanalalamika, halafu mwalimu anasema hakai kwenye kiti, wenzake wakiimba yeye anazunguka nyuma ya darasa. Baba yake ni dereva wa malori ya Tunduma, akirudi anakaa kidogo anaondoka, msimamo wake ni kwamba namdekeza. Mama mkwe ye kasema mtoto kachezewa kichawi, anataka tumpeleke kwa mtaalamu wake huko kijijini. Mi sijui nishike lipi. Fimbo nimechapa, nimebembeleza, nimenunua zawadi, hamna kitu.

Swali langu, huu ni utundu wa umri utapita wenyewe au kuna sehemu ya kumpeleka? Maana zahanati ya jirani wamemwangalia wakasema mtoto mzima huyu, wakatupa dawa ya minyoo tukaondoka.

Matusi hapana tafadhali, nimechoka.

Mzee wa Bakora
Dada yangu tatizo ni wewe. Sisi tumekua tisa nyumba moja, mama akikukata jicho tu unajikojolea. Mtoto wa miaka minne anakuendesha? Tafuta fimbo ya mpera, mara mbili tatu ananyooka. Mnalea kizungu halafu mnakuja kulia mtandaoni.

chungu_cha_tatu
Huyo atakuwa mbunge 😂😂 Pole dada, natania tu. Naweka kiti hapa nasubiri wataalamu.

Bibi wa Chalinze
Mwanangu pole sana. Nikuulize, alishapata degedege huyo mtoto? Na je kuna wakati anakodolea macho sehemu moja kama hayupo, sekunde chache, kisha anaendelea na alichokuwa anafanya? Nauliza kwa sababu mjukuu wangu alikuwa hivyo, anaitwa haitiki, walimu wakasema kiburi, kumbe ni kifafa kile kisicho cha kuanguka kilikuwa kinamchukua mara nyingi kwa siku na hakuna aliyejua. Alipoanzishiwa dawa mambo yakatulia. Sisemi na wako ni hivyo, ila hawa wa chapa chapa wanachapa wasichokijua.

mamaP_Mbagala
Shikamoo bibi. Degedege alipata alipokuwa mdogo, homa ilipanda sana tukalazwa, malaria ile, haijajirudia. Hilo la kukodoa macho hapana, ukimgusa tu anageuka hapohapo.

Zuhura_jikoni
Punguza sukari mamii. Juisi za boksi, pipi, soda, hivyo ndo vinawapandisha watoto kichaa. Wangu nilikata vyote akatulia.

Mtumishi_J
Maombi na hospitali havigombani. Mwombee mwanao na umpeleke kwa daktari. Huko kijijini kwa mtaalamu ndo usikanyage.

Nesi wa Zamu
Mama P nipo wodi ya watoto miaka mingi sasa. Kabla sijasema chochote nijibu haya maswali vizuri, na usijibu kwa haraka, mwangalie kwanza leo usiku.

Usiku analalaje? Anakoroma? Analala mdomo wazi, anajigeuza geuza, jasho la kichwa mpaka mto unalowa? Mafua yake yanaishaga au ndo mtoto wa makamasi mwaka mzima? Akiangalia TV anasogea karibu kabisa au anataka sauti ya juu? Ukikaa nyuma yake asikuone, ukamwita kwa sauti ya kawaida bila kupiga kelele, anageuka? Na kuongea, mtu baki anaelewa anachosema au ni wewe tu unayemtafsiria?

Zuhura, sukari inaozesha meno na hilo tu linatosha kuipunguza. Ila la kuwapandisha kichaa limeshapimwa sana na halikuonekana. Kuna jaribio moja la Marekani mwaka 1994, akina mama waliambiwa mtoto wako kanyweshwa sukari nyingi, wakati kinywaji hakikuwa na sukari kabisa. Wakasema yes mtoto kachangamka kupita kiasi. Basi.

Mzee wa Bakora
Kwa hiyo siku hizi utundu nao ni ugonjwa. Haya.

mamaP_Mbagala
Nesi wewe umeshaingia nyumbani kwangu nini? Jana nilikaa macho nikamsikiliza. Anakoroma kama mtu mzima, halafu kuna muda anakata pumzi kidogo kisha anavuta kwa nguvu anageuka upande wa pili. Mdomo wazi usiku kucha, mchana pia mara nyingi uko wazi. Makamasi ndo usiseme, nilishazoea nikajua ni vumbi la huku kwetu. TV anaenda kusimama mbele ya kioo kabisa. Kuongea anaongea ila anakata maneno, mimi namwelewa, shangazi yake akija hapati kitu.

Ila sasa kinachonichanganya, kuna siku anasikia vizuri tu. Nikifungua biskuti chumbani anatokea mbio kutoka nje! Ndo maana sikuwahi kufikiria masikio.

Nesi wa Zamu
Hiyo ya biskuti ndo inayowapoteza wazazi wengi na walimu pia.

Sikiliza sasa. Huko nyuma ya pua, juu ya koo, kuna nyama ambazo kila mtoto anazo, watu wengi mnaziita nyama za puani. Kwa baadhi ya watoto zinavimba na kuwa kubwa hadi njia ya hewa inakuwa nyembamba, ndo hapo anakoroma na kupumulia mdomo. Pembeni yake kuna mrija unaotoka sikio la kati kushuka nyuma ya pua, kazi yake kupitisha hewa na kutoa uchafu. Ukiziba, nyuma ya ngoma ya sikio kunajaa maji mazito kama gundi. Hayatoki usaha, kwa kawaida hayaumi sana, kwa nje sikio ni zuri kabisa, kwa hiyo mtu akimulika na tochi ya simu haoni kitu. Mtoto hawi kiziwi. Anapoteza kiasi, mara nyingi kama desibeli (kipimo cha sauti) 25 hadi 30 hivi, na inabadilika, mafua yakipungua anasikia, yakirudi anapotea tena. Kelele anazisikia. Maneno ndo yanamfikia nusu nusu, tena ukiwa mbali au nyuma yake. Sasa mweke kwenye darasa la watoto arobaini wanaimba, ataambulia nini? Atazunguka nyuma ya darasa tu.

Halafu usingizi. Mtu mzima asipolala vizuri anasinzia, mtoto mdogo anafanya kinyume, anakuwa na fujo, hasira karibu, hatulii. Umri wake WHO wanasema alale saa 10 mpaka 13 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, na uwe usingizi wa maana, sio huo wa kukata pumzi.

Sisemi hilo ndo jibu la kila kitu, na siwezi kumpima kwa maandishi. Ila huyu lazima aonwe kliniki ya masikio, pua na koo kabla mtu yeyote hajamwita mtukutu. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya uombe rufaa, Dar unaweza kwenda Temeke, Amana au Mwananyamala, na juu yake ipo Muhimbili. Waambie mambo mawili kwa maneno hayahayo: anakoroma na kukata pumzi usingizini, na sina uhakika kama anasikia vizuri. Ukisema tu "mtoto mtundu" utarudi na dawa ya minyoo tena. Tena mrekodi akiwa amelala, video fupi, mwonyeshe daktari.

Pesa: kwa sera yetu mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure hospitali za serikali. Kuna vitu unaweza kuambiwa ulipie, usikimbie nyumbani, nenda ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hapohapo hospitali ujieleze.

Na bibi wa huko nyumbani mwambieni kwa heshima asimtie mafuta ya moto wala kitunguu maji sikioni. Tunawaona hao kila wiki.

Ticha_Mahitaji_Maalum
Nimesomea elimu maalum pale chuo cha ualimu Patandi na nafundisha mpaka sasa. Nesi kamaliza upande wake, mimi niongeze upande wa tabia, kwa sababu hata masikio yakitibiwa mtoto keshajifunza kwamba kung'ata kunafanya kazi, haitajifuta yenyewe.

Mama P chukua daftari la kawaida. Kila aking'ata au akijitupa andika mistari mitatu tu: dakika chache kabla kulikuwa na nini, yeye alifanya nini, baada ya hapo alipata nini. Hiyo ya tatu ndo muhimu na ndo watu hawaiandiki. Nikubashirie mmoja: unachukua simu, anajitupa, anagonga kichwa, unaogopa, unarudisha simu. Yeye hapo hajafanya ujeuri, kafanya hesabu na hesabu imetoka.

Siku ukiacha kurudisha simu ataongeza. Atalia zaidi, atagonga zaidi, jirani wataita. Wengi wanakata tamaa hapo wanasema njia hii imeshindikana, na wakirudisha simu siku hiyo ndo wamemfundisha alie kwa muda mrefu zaidi. Weka mto chini ya kichwa, kaa karibu, usihubiri, subiri. Akitulia mpokee kama kawaida. Na simu mtangazie kabla, "katuni hii ikiisha tunazima", umshike mkono umwangalie usoni anapoambiwa, sio unapiga kelele ukiwa jikoni. Umri wake isizidi saa moja kwa siku.

Aking'ata mtu, wa kwanza kuhudumiwa ni aliyeng'atwa. Mwanao unamwambia maneno machache, "hapana kung'ata, inauma", unamtoa pale. Baadaye akiwa ametulia unamfundisha afanye nini badala yake, kusema "changu", kunyoosha mkono, kukuita. Na akikaa vizuri na mwenzie hata kidogo tu, sema, tena taja kitu chenyewe: "umempa mwenzio gari, vizuri sana". Watoto kama hawa kutwa nzima wanasikia jina lao likiitwa kwa ukali tu. Jioni tenga hata dakika kumi ucheze naye anachotaka yeye, bila kumfundisha wala kumkosoa, simu yako nayo iwe mbali.

Mzee wa Bakora, utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, walishapigwa kabla ya kufika miaka 18. Kama fimbo ingekuwa dawa nchi hii isingekuwa na mtundu hata mmoja. Na mtoto asiyesikia vizuri ukimchapa kwa kutoitika, yeye anaona tu mtu kaja kutoka nyuma kampiga. Mtu wa hivyo utamzuiaje asing'ate?

Mzee wa Bakora
Ticha umeandika kitabu. Mimi bado nasema fimbo kidogo haijaua mtu. Ila suala la sikio apimwe, hapo sina ubishi.

baba_wa_kimya
Mama P mimi mwanangu ana usonji (autism), sasa ana miaka tisa, kwa hiyo haya ya kuitwa asiitike na kujitupa chini nimeyaishi. Nikuulize na mimi: anakuonyesha vitu kwa kidole, yaani akiona ndege anakuambia "mama" anaonyesha nawe utazame? Anaigiza, kupika mchanga, kuendesha kiti kama basi? Ukilia anakuja kukuangalia? Kuna maneno aliyokuwa nayo halafu yakapotea? Wangu alikuwa haonyeshi kidole kabisa na maneno aliyokuwa nayo yakafutika alipokaribia miaka miwili.

Kama majibu ni mazuri usikeshe unawaza usonji, kama sio mazuri daktari wa watoto ajue mapema. Hata kwetu sisi kitu cha kwanza walichopima ni masikio. Siku hizi angalau pa kuanzia papo, hapo Dar kuna shule za serikali zenye vitengo vya watoto wenye usonji, Uhuru Mchanganyiko na Msimbazi Mseto. Na usikubali mtu wa humu akupe jina la ugonjwa, mimi mwenyewe nikiwemo.

mamaP_Mbagala
Asante kaka, na hongera kwa malezi. Kidole anaonyesha sana tu, tena kwa fujo. Anaigiza baba yake anaendesha lori, mpaka honi anapiga. Nikiumwa analeta maji. Ndo maana nasema ana upendo.

KisauniMama
Poleni jamani, niko Mombasa. Huku kwetu kuna vituo vya serikali vya kupima watoto kabla ya kuwapeleka shule, waviita EARC, vilianza tangu 1984, na Nairobi kuna KISE, taasisi ya elimu maalum, kule Kasarani. Mimi wangu alipimwa masikio na macho na kuongea hapo hapo kituoni, wakaniandikia barua ya mwalimu. Msomaji wa Kenya akipita hapa aulize ofisi ya elimu ya kaunti yake. Mamangu, usione haya kuomba barua, walimu wakiona karatasi hubadilika.

chungu_cha_tatu
Huu uzi umekuwa kliniki. Nimemwambia mke wangu atusomee wote.

mamaP_Mbagala
MREJESHO. Samahanini nilipotea.

Tulipata rufaa, foleni isikieni tu, ila tulifika. Daktari alitazama na kile kifaa chenye taa cha kuingiza sikioni, kisha wakampima na mashine ya kidude cha mpira kinachosukuma hewa kidogo sikioni inachora mstari kwenye karatasi. Mstari wake umelala chali masikio yote mawili, dokta akasema hapa pangekuwa na kilima. Halafu picha ya shingo kwa ubavu, nyama ni kubwa. Ile video ya kukoroma hakuimaliza, aliangalia kidogo akarudisha simu akasema inatosha.

Kwa sasa katupa dawa ya kupuliza puani na kusema tusubiri, maji haya mara nyingi yanakauka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, akipimwa tena yakiwepo ndo wanaondoa nyama na kuweka vijibomba vidogo masikioni. Akanionya nisinunue antibayotiki dukani, hazikaushi haya maji.

Baba yake nilimweka loudspika akiwa njiani huko Makambako, dokta akamweleza mwenyewe. Akanyamaza muda. Mama mkwe bado anasema kachezewa, lakini mafuta ameyaweka pembeni.

Daftari la ticha sasa. Mengi yametokea jioni kabla hajala, na mengine pale watoto wanapomjia kwa nyuma au kwa ubavu. Akiwa na mtoto mmoja wakiangaliana usoni, hakuna hata tukio moja. Simu nimefanya ulivyosema, siku za mwanzo ilikuwa vita kweli, jirani aligonga mlango akadhani naua mtu. Sasa hivi analalamika, anazima mwenyewe. Kung'ata hakujaisha ila kumepungua.

Nesi wa Zamu
Vizuri sana. Na kwa wanaosoma, kuambiwa usubiri hapo sio kupuuzwa, ndivyo inavyofanyika. Lakini ukiona anakata pumzi zaidi au rangi inabadilika usiku, husubiri tarehe ya kliniki.

Mama P nisikudanganye pia, ukiondoa nyama sio kwamba unaletewa mtoto mwingine. Marekani waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wanakata pumzi usingizini, wakatoa matokeo 2013: waliofanyiwa upasuaji usingizi na tabia viliboreka kuliko waliosubiri, ila vipimo vya umakini havikutofautiana kivile. Daftari usilitupe.

Ticha_Mahitaji_Maalum
Nasari mpya umepata? Ukiipata omba mambo machache tu: akae mbele karibu na mwalimu, mwalimu amguse kabla ya kumpa maelekezo, na wasimwite kutoka mgongoni. Haya hayana gharama. Peleka nakala ya karatasi ya kipimo. Na siku ukizidiwa kabisa hata wewe mwenyewe, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, wanaongea na wazazi pia.

mamaP_Mbagala
Nimepata, mama mmoja ana watoto wachache nyumbani kwake, kakubali kwa majaribio. Karatasi nilimwonyesha, akasema hata mdogo wake alikuwa hivyo.

Tumerudi kliniki, maji bado yapo na kukoroma ni kulekule, kwa hiyo kapangiwa upasuaji. Baba yake kaomba ruhusa kazini awepo. Nesi, akitoka huko anakula nini? Naogopa asije akakataa kula kabisa.

Nesi wa Zamu
Vitu laini vilivyopoa. Uji usio wa moto, ndizi, wali bokoboko, maziwa, hata aiskrimu mpe. Kunywa ndo muhimu kuliko kula, mpe kidogo kidogo mara kwa mara hata akikataa. Dawa ya maumivu mpe kwa saa walizoandika, usisubiri alie, na aspirini usimpe. Mdomo utanuka siku kadhaa, sauti itakuwa ya puani, na anaweza kukoroma bado kwa sababu ya uvimbe, usishtuke. Akitoa damu mbichi puani au mdomoni, au akiwa anameza meza mara kwa mara usingizini, au homa ikapanda, mrudishe hospitali muda huohuo, hata kama ni saa nane za usiku. Vijibomba wakiweka, uliza kuhusu kuoga na kuogelea kabla hujaondoka wodini.

mamaP_Mbagala
Nimenakili yote. Mrejesho nitaleta.